Damu ya Ndugu wa Kumi na Saba

“Usinizungushe, mama. Nimekuuliza hivi vitone vya penseli ni vya nini.”

“Ni vya gesi. Siku mtungi ulipobadilishwa.”

“Vitone kumi na vinne mwezi huu peke yake? Tunapikia jeshi?”

Asrita alikuwa ameing’oa kalenda ya parokia kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na sasa aliishika mbele ya uso wa mama yake kama mwamuzi anayetoa kadi. Alikuwa mwalimu wa mpira wa magongo katika shule ya masista, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kuvuka uwanja. Mama yake, Salomi Lakra, alikuwa anageuza chapati za mchele kwa vidole na hakumtazama. Salomi alikuwa na diploma ya maabara na miaka ishirini na moja ya kazi. Mambo mengi aliyajua, ila kusema uongo hakukuwa mojawapo.

“Hebu nikusomee,” Asrita alisema. “Jumamosi tarehe sita, kitone kimoja. Siku hiyo nilinunua viatu, jozi mbili. Jumanne tarehe tisa, vitone viwili. Nilikuwa naimba nikifua. Tarehe kumi na nne, vitone vitatu! Hiyo ni siku Prabhudan alipopiga simu nikacheka mpaka nikapaliwa. Mama, unanihesabia kucheka?”

“Sikuhesabu kucheka. Nilihesabu usingizi unaoukosa.”

Neno lilikuwa limeshatoka. Chapati ikaungua upande mmoja. Salomi akaitoa, akaila vivyo hivyo, amesimama.

“Usingizi wangu,” Asrita alirudia polepole. “Kwa hiyo umeniweka fungu moja na baba mdogo.”

Baba mdogo ni Nikodim, mdogo wa marehemu baba yake Asrita. Mwaka alioanza kuugua aliuza ng’ombe wawili wa kulimia, akanunua ngoma na tarumbeta za bendi ya watu kumi na wawili, na kijijini hakukuwa na hata mmoja aliyejua kupuliza. Baadaye akageukia ukuta miezi minne, haogi, hasemi. Sasa ulikuwa mwaka wa saba anameza dawa zake, analima, na mara moja kwa mwezi anapanda basi kuja kliniki mjini Ranchi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili anayofanyia kazi Salomi. India nzima, ukitaka kumtukana mtu, unamwambia afungashwe apelekwe Ranchi. Wao waliozaliwa Ranchi hawakuwa na pengine pa kupelekwa.

“Jumapili watu wa Gumla wanakuja na posa ya Prabhudan,” Salomi alisema. “Wakishanawa maji ya chungu chetu cha shaba, neno limefungwa, hakuna kurudi nyuma. Mimi nasema tuwaombe wasubiri. Baada ya Pasaka tutaongea tena. Wewe wakati huo uonwe na daktari, uanze dawa mapema.”

“Dawa ya nini? Ya viatu?”

“Ya damu yako! Nimeiona damu yako, Asrita.”

Asrita akaishusha kalenda. “Ile niliyotoa Septemba nilipomsindikiza baba mdogo? Walisema ni ya utafiti, haina jina.”

“Haina jina, ina namba. Ndugu wa kumi na saba. Na mgonjwa wa kumi na saba ni nani? Niliwaona wote wawili mmekaa ukumbini mnakula karanga, mimi si kipofu. Mstari wako kwenye mashine umepanda juu kuliko wake yeye mgonjwa.”

Ndipo Asrita akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, na Salomi alijikuta anakitafutia kitone.

“Miezi minne umekaa na jambo hilo tumboni. Hukuniuliza hata siku moja, ‘Mwanangu, u mzima?’ Umekwenda kumwamini mzee Etwa na barafu yake.”

“Etwa ameingiaje hapa?”

“Si ndiye aliyeibeba? Alinichekesha sana siku ile. Aliilaza chupa yangu kwenye barafu kama samaki wa gulio la Jumatano, akaniambia itafika kwa mama yako ingali imelala. Na humo ndimo ulimosoma maisha yangu!” Akaitupa kalenda juu ya meza, akachukua gongo lake la mchezo nyuma ya mlango. “Mpigie mama Prabhudan. Mwambie wasije. Ila mwambie na sababu, mama. Usimwambie mambo ya gesi.”

Mlango ukagonga nyuma yake. Msumari wa kalenda ukaanguka.

Salomi alimaliza chai, akafunga shali, akawasha pikipiki yake ndogo. Lazima simu ipigwe leo kabla ya saa kumi. Kesho ilikuwa Siku ya Jamhuri, kila kitu kimefungwa, na wazee wa Gumla walitaka kukodi gari leo. Njia nzima alitunga maneno ya kumwambia mama Prabhudan. Atasema ana mafua. Hapana, mafua yanapona. Atasema padri amesafiri. Hapana, padri ana simu.

Alikuwa amefika mzunguko wa soko la mboga, ukungu bado mzito, alipofunga breki ghafla mpaka mwenye baiskeli nyuma yake akamtukania ukoo.

Barafu?

Machale yakamcheza. Damu ile haitakiwi kuona barafu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua.

Kazi ya maabara yao, miaka miwili sasa, ilikuwa kuchungulia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kidonda na kukiziba. Chembe hai huiweka kalsiamu nje ya mlango, ndani hubakiza kidogo sana. Ikiguswa na jambo, mlango hufunguka, kalsiamu huingia, na kwa kuingia huko chembe hupata habari kwamba kumekucha, kazi ipo. Salomi aliziwekea rangi inayowaka kalsiamu inapoingia, akazidondoshea dawa ya kuziamsha, na mashine ikachora mstari: mwanga ukipanda, mstari unapanda. Daktari Sanyal, mwenye utafiti, aliamini kwamba kwa watu wenye ugonjwa wa hisia, wale wanaopandishwa juu kama kishada kisha wakaangushwa, mlango huo hufunguka kupita kiasi. Ubongo huwezi kuuchungulia. Damu unaweza.

Lakini chembe sahani zina tabia yao. Ukizitia baridi kali zinaamka zenyewe. Zinaacha umbo la sahani, zinavimba na kuota miiba, na kalsiamu inajaa ndani hata kabla hujazigusa. Kuipima damu ya namna hiyo ni sawa na kumwamsha mtu kwa maji ya kisima halafu ukamshangaa mbona hana usingizi.

Na damu ya wagonjwa na ndugu zao ilitoka wodini, ng’ambo ya uwanja. Ililetwa na Etwa, tarishi wa maabara.

Salomi alipofika hakuvua hata shali. Alifungua daftari la vipimo, akakunjua karatasi zote za mistari, akazipanga mezani tangu utafiti ulipoanza. Hili alikuwa ametaka kulifanya siku nyingi, ila kwa sababu nyingine. Alikuwa akimshuku Daktari. Miezi ya mwanzo mistari ya wagonjwa na ya wazima ilikuwa imechanganyika kama uzi uliochezewa na paka. Halafu, ghafla, mwaka jana katikati, ikaachana: wagonjwa na ndugu zao juu, wazima chini, safi kabisa. Daktari alileta peremende za maziwa siku hiyo, akala yeye mwenyewe nne. Salomi alikula moja akawaza, huyu mzee amechagua matokeo. Tangu hapo alikuwa akinakili tarakimu zote kwenye daftari lake la pembeni, endapo siku moja ataulizwa.

Sasa alitazama tarehe. Mistari iliachana wiki ya tatu ya Mei.

Na wazima walikuwa nani? Wafanyakazi wa hospitali. Yeye mwenyewe alikuwa mzima wa pili. Walitolewa damu hapohapo kwenye kiti kando ya mashine. Damu yao haikubebwa na mtu.

Etwa aliingia saa tatu na nusu, amejitanda shali ya kahawia, tumbaku imevimbisha mdomo wa chini. Alikuwa amebaki mwaka mmoja astaafu. Alipanga chupa tatu kwenye kishikio cha mbao, moja baada ya nyingine, kwa adabu kama anaweka mishumaa altareni.

“Mzee Etwa, damu za wodini huwa unaleta na nini?”

“Na miguu, dada.”

“Usinitanie leo. Sanduku liko wapi?”

“Sanduku gani?”

“Etwa!”

Mzee akameza mate na tumbaku pamoja, akakohoa. Akatoka, akarudi na sanduku la buluu la kubebea chanjo. Salomi akafunua. Ndani kulikuwa na mabamba manne ya barafu, na katikati nafasi ya chupa iliyotandikwa kitambaa safi cha fulana.

“Nani amekuambia uweke barafu?”

“Wewe.”

“Mimi?”

“Wewe, dada. Mwezi wa tano. Joto lilikuwa la kufa mtu, damu ya yule mama wa wodi ya pili ikaharibika njiani. Ulisimama hapohapo uliposimama, kidole hiki hapa puani kwangu. Ukasema, ‘Damu moja tu ikiniharibikia tena kwa joto nakupeleka kwa mkurugenzi, wewe na tumbaku yako.’ Sikula siku ile. Muulize mke wangu.”

“Sikusema barafu!”

“Hukusema. Ulisema joto lisiiguse. Sasa mimi joto la Mei nilizuie kwa nini, kwa sala? Nikaenda kwa watu wa chanjo, wakanipa hili sanduku. Tangu siku hiyo umeona damu imeharibika?”

“Na mbona sijawahi kuliona?”

“Nije nalo mpaka hapa nikumwagie maji kwenye madaftari yako? Unifukuze? Nazitoa pale mlangoni, nazipangusa kwa shali, nazipanga. Wewe mwenyewe ulisema, ‘Mzee Etwa, siku hizi chupa zako zinapendeza.’ Nilimsimulia mke wangu.”

Ni kweli, Salomi alikuwa amesema. Alikumbuka hata siku. Miezi minane alikuwa akinusa huku na huku nani anaharibu kazi hii, na anayetafutwa alikuwa mdomo wake mwenyewe.

“Kaa hapo,” alimwambia Etwa. “Usiende popote. Na tema hicho kitu.”

Alijifunga mpira mkononi akiuvuta kwa meno, akajichoma, akajaza chupa mbili. Moja akamkabidhi Etwa ailaze kwenye barafu kama alivyozoea, atembee nayo mpaka wodini na kurudi. Ya pili akaitia kwapani, ndani ya sweta. Etwa alimtazama kwapa, akatazama barafu, akaondoka bila neno. Aliporudi alizipangusa zote mbili kwa shali, kwa mazoea.

Salomi alizungusha damu, akatenga chembe, akatia rangi, akasubiri. Kabla ya saa sita mistari miwili ilikuwa mezani. Wa kwapani ulikuwa chini, mpole, sawasawa na wa mzima wa pili katika daftari. Wa barafu ulianza juu na kupanda juu zaidi. Ungeuweka kati ya karatasi za wagonjwa usingeutoa.

“Huyu mgonjwa ni nani?” Etwa aliuliza akichungulia begani kwake.

“Ni mimi.”

“Uuu, dada. Pole.”

Daktari Sanyal aliingia akiwa bado na kofia ya sufu inayofunika masikio, kama Wabengali wote Januari. Salomi hakumpa nafasi ya kukaa. Alimweleza yote kwa pumzi moja, Etwa, Mei, barafu, kwapa, akamsukumia karatasi mbili. Daktari akavua kofia. Akavua miwani.

“Inawezekana ni leo tu,” alisema. “Mashine ina siku zake.”

“Rudia wewe mwenyewe. Damu ninayo.”

“Salomi, mkutano wa Kolkata ni tarehe tisa. Jina lako limo kwenye makala.”

“Litoe au uliache, maadamu kilichoandikwa ni kweli.”

“Jambo lenyewe si la uongo. Kuna wengine, huko na huko, walioona kalsiamu imezidi. Kidogo. Kwa wastani, ukiwakusanya watu wengi.”

“Kwa wastani,” Salomi alirudia. “Mtu mmoja mmoja je? Ukinipa chupa moja, unaweza kuniambia mwenye damu ni mgonjwa au ataugua?”

“Nani alisema hivyo? Hapana. Sijawahi kusema hivyo. Kwa mtu mmoja haisemi kitu.” Alimkazia macho. “Kwa nini unauliza?”

Salomi alipekua karatasi za mwezi wa pili mwaka jana, enzi Etwa akibeba chupa mfukoni. Mgonjwa wa nne. Alimkumbuka, aliletwa na kaka zake amefungwa kamba, akiwagawia manesi vyeo vya uwaziri. Mstari wake ulikuwa chini ya ule wa mzima wa pili. Kwa mistari ile, wa kufungwa kamba alikuwa Salomi.

“Naandika kwenye daftari,” alisema. “Damu zote za wodini kuanzia Mei zimepita kwenye barafu. Na saini yangu.”

Daktari alikunja na kukunjua kofia yake. “Andika,” alisema mwishowe, bila kumtazama, akatoka.

Akaandika. Kisha, kwa kuwa aliyasikia maneno lakini hakuyaona macho, akaupiga picha ukurasa kwa simu. Akaupiga tena, kalamu ikiwa kando yake, tarehe ionekane.

Hapo ilikuwa inatosha. Mtu mwingine angempigia mwanawe amwombe radhi. Salomi alimpigia Asrita akamwambia, “Njoo maabara. Usile kitu cha mafuta.”

“Kuna nini?”

“Njoo.”

Asrita alifika saa nane, suruali ya michezo ina vumbi jekundu magotini. Alisikiliza habari ya barafu amesimama mlangoni, mikono kifuani. Etwa, aliyekuwa amekatazwa kuondoka, aliongezea pale alipoona pamepunguka.

“Nilikuambia itafika imelala, binti yangu,” alisema kwa huzuni. “Kumbe naiamsha.”

“Kwa hiyo sina kitu,” Asrita alisema.

“Kwa hiyo hatujui,” Salomi akamsahihisha. “Lete mkono.”

“Si ulisema mtu hamtoi damu nduguye? Kanuni yenu.”

“Leo hakuna kanuni. Lete.”

Asrita aliutoa mkono kama mtu anayemkabidhi polisi baiskeli. Mshipa ulikuwa mzuri, wa mchezaji. Salomi alijaza chupa moja, akaifumba kiganjani, na joto lake likampanda hadi kwenye kiwiko. Simu mfukoni mwa Asrita ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

“Mama Prabhudan,” Asrita alisema. “Mara ya nne. Mwenye gari anataka jibu.”

“Asubiri. Nahitaji saa moja na nusu.”

“Halafu?”

“Halafu tutajua.”

“Ikitoka juu?”

“Nitairudia. Labda kiganja changu hakikuwa na joto la kutosha.”

“Ikitoka chini?”

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Salomi: nitairudia. Mwezi ujao, kwa uhakika. Na kabla ya harusi. Na akishika mimba, maana mimba hubadilisha mwili. Alijiona amevaa miwani ya kizee anapanda basi la Gumla na sindano kwenye mkoba, wajukuu wanajificha chini ya kitanda wakimwona. Alimtazama mwanawe. Asrita alikuwa amebana pamba kwenye kiwiko, uso umemsinyaa, na hakukuwa na dalili ya kucheka wala ya kuimba. Siku nzima ya leo isingepata hata kitone kimoja. Na siku hii ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Mzima wa pili, mgonjwa wa nne. Kwa mtu mmoja haisemi kitu. Alilisikia saa sita, na saa nane alikuwa ameshamchoma mtoto.

Alizibua chupa akaimimina yote kwenye ndoo ya maji ya klorini. Wekundu ulitanda, ukageuka kahawia.

“Mama!”

“Dada!” Etwa naye akaruka. “Hiyo nayo nitasingiziwa mimi!”

“Haitaniambia kitu,” Salomi alisema. “Ikisema juu ningepima tena, ikisema chini ningepima tena. Nitakutoboa mpaka lini?”

Asrita alitazama ndoo. Sauti yake ya uwanjani ilikuwa imepotea. “Na nikiugua kweli?”

“Ukiugua tutakuleta, utameza dawa, utalima. Baba yako mdogo anameza na mpunga wake ni mzuri kuliko wa kijiji kizima. Lete hiyo simu.”

Hili la Nikodim lilikuwa limemkaa kooni kuliko hata damu. Baba yake Asrita hayupo. Kwa desturi, anayeshika chungu na kuwamiminia wageni maji ni ndugu yake. Salomi alikuwa amemwambia Nikodim abaki kijijini Jumapili, eti nani atalinda mbuzi, na akamwomba katekista ashike chungu. Nikodim alijibu, “Sawa, shemeji,” na hakuuliza swali. Ni mtu aliyezoea.

Simu ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

“Asrita, mwanangu, mbona—”

“Si Asrita, ni mama yake. Mama Prabhudan, kodisheni gari. Jumapili njooni, chai saa tatu, baada ya misa ya kwanza. Subiri, nina neno moja na usinikatize. Baba mdogo wa Asrita, Nikodim, ana ugonjwa wa akili. Anatibiwa hapa Ranchi mwaka wa saba sasa, anatumia dawa, ni mtu mzima na akili zake. Nilimwambia asije ili msimwone. Nilikosea. Atakuja, na yeye ndiye atakayeshika chungu. Mkiona mnaweza kunawa maji yanayomiminwa na yeye, njooni. Mkiona hamwezi, niambie sasa hivi, kabla sijachinja.”

Upande wa pili alisikia kuku, na mtu anapasua kuni. Etwa alipangusa kishikio kisicho na chupa.

“Mnachinja nini?” mama Prabhudan aliuliza.

“Nguruwe.”

“Basi msizidishe pilipili. Baba yake Prabhudan ana vidonda vya tumbo.”

Salomi akanyoosha mgongo.

“Vidonda vya tumbo?” akasema. “Tangu lini? Hilo mbona hamkulitaja?”